MWAKILISHI SI MFUKO WA MATANGA

(Haya ni maneno ya mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti huko Kenya, alipotoa taarifa ya kazi yake mbele ya wanachama wa tawi.)



Mmeniita nieleze nimefanya nini tangu tulipoonana. Hiyo ni haki yenu. Aliyetumwa sokoni hurudi akaihesabu chenji mbele ya aliyemtuma.

Nimehudhuria vikao vya Bunge. Nimeitembelea zahanati yetu mara mbili, nikakuta muuguzi yuko, wagonjwa wako, na kabati la dawa li tupu. Nimekaa na akina mama wa sokoni wakanieleza habari ya choo na taa. Na nimekwenda matangani na kwenye michango mara nyingi kuliko mahali pengine pote. Hapo ndipo nataka tuseme kweli.

Kila nikifika matangani naulizwa, “Mheshimiwa ametuletea nini?” Ndugu zangu, sikatai kutoa rambirambi. Mimi ni jirani yenu, na jirani humzika jirani. Lakini kumpima mwakilishi kwa noti anazozitoa matangani ni jambo la hatari, nami nitaeleza kwa nini.

Mshahara wa mwakilishi unajulikana. Akitoa leo hapa, kesho kule, na keshokutwa kwingine, mpaka yale anayoyatoa yaupite mshahara wake, basi jiulizeni fedha hizo zatoka wapi. Yuko mtu anayempa. Na anayempa ni yule anayetaka kazi ya barabara ailipue, alipwe, aende zake, na mwakilishi anyamaze. Noti mliyopewa matangani ndiyo dawa iliyokosekana zahanati. Mmelipwa kwa mali yenu wenyewe, tena mkasema asante!

Kumbukeni mamlaka haya tumeyapataje. Kenya ilipata Uhuru mwaka 1963 ikiwa na serikali za majimbo, nazo hazikudumu. Halafu sheria ya mwaka 1969 ikaziondolea kaunti za wakati ule shule za msingi, afya na barabara, mambo yote yakarudi Nairobi. Wazee waliopo hapa wanajua maana yake: kalvati ya kijiji ilingoja sahihi ya mtu asiyekijua kijiji. Tulingoja zaidi ya miaka arobaini. Katiba mpya ikatangazwa tarehe 27 Agosti 2010, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 kaunti 47 zikaanza kazi. Jambo lililongojwa hivyo si la kuuzwa kwa bei ya soda na mkate.

Sasa jueni lililo lenu. Zahanati na vituo vya afya ni kazi ya kaunti. Barabara za kaunti, masoko, maji, kilimo, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, vivyo hivyo. Polisi, shule za msingi na za sekondari, na barabara kuu ni kazi ya serikali ya taifa. Katiba yasema kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hiyo si sadaka ya mtu. Ni kodi yenu: imo ndani ya sukari mnayonunua na ndani ya mafuta ya taa.

Na kazi yangu mimi ni nini? Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imesema wazi. Kazi yangu ni kuwasikiliza ninyi, kuyapeleka maneno yenu Bungeni, kutunga sheria, kupitisha bajeti, na kuichungua serikali ya Gavana. Sheria hiyo hiyo yanikataza kujifanya mtumishi wa kaunti na kuendesha kazi za serikali kwa mikono yangu. Mwakilishi akiwaambia, “Hii ni barabara yangu, nimewajengea,” anawadanganya. Barabara ni yenu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha imo katika bajeti, na kwamba imejengwa kwa kifusi kile kile kilicholipiwa.

Bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bungeni si baada ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hufika kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio huletwa si baada ya tarehe 30 Aprili, nayo hupitishwa si baada ya tarehe 30 Juni. Anayekuja kulia mwezi Julai amekuta chungu kimekwisha epuliwa. Katika mkutano wetu wa bajeti uliopita walikuja watu wachache, viti vikabaki vitupu. Juma lile lile, matangani, hapakuwa na mahali pa kusimama.

Kwa hiyo naliomba tawi hili mambo matatu. La kwanza, chagueni watu watano, wawili wao wakiwa akina mama wa sokoni, waisome bajeti ya wadi mstari kwa mstari na kuwaeleza wengine. La pili, andikeni ombi rasmi kwa Bunge juu ya dawa za zahanati. Sheria yawapa haki hiyo, na karatasi yenye sahihi zenu ina nguvu kuliko mimi nikisema peke yangu. La tatu, msiniulize tena nimeleta nini matangani. Niulizeni nilipiga kura gani Bungeni, na kwa nini.

Nikishindwa kujibu, miaka mitano si mingi, mtamtafuta mwingine. Lakini msimtafute kwa kuupima mfuko wake. Neno harambee maana yake ni kuvuta pamoja. Halikuwa na maana ya mmoja kutupa noti na wengine kuokota.