Uji wa Shule na Zamu ya Ijumaa
Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya klabu yetu ya Lions katika maadhimisho ya hekalu

   Kamati ya hekalu imetuomba tuseme machache juu ya kazi ya klabu yetu katika kupunguza njaa. Tutajitahidi tusiwachoshe, kwani harufu inayotoka jikoni imekwisha kutushinda hata sisi wasemaji.

Klabu za Lions zilianzia Chicago, Marekani, mwaka 1917. Mwanzilishi wake, Melvin Jones, alikuwa mtu wa biashara ya bima, na wenzake walikuwa wafanyabiashara waliozoea kukutana kwa chakula cha mchana na kusaidiana kibiashara. Yeye aliwataka waitumie akili ile ile ya biashara kwa manufaa ya mji wanamoishi. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwahutubia na kuwaomba wawe watetezi wa wasioona. Ndiyo sababu wengi wenu mnatufahamu kwa miwani na kambi za macho. Leo Lions wamezidi milioni moja na laki nne duniani, na kupambana na njaa ni mojawapo ya kazi zao kuu. Kaulimbiu yao ni maneno mawili ya Kiingereza, lakini Kiswahili, kwa ubingwa wake, huyatosheleza kwa neno moja: Tunahudumu.

Hata hivyo, sisi wenye asili ya Gujarati hatukuhitaji kuingoja Chicago. Wengi humu tumelelewa katika nyumba zenye picha ya Jalaram Bapa ukutani, na kilemba chake na fimbo yake. Alizaliwa Virpur mwaka 1799, na akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alifungua sadavrat, yaani jiko la kumlisha kila apitaye bila kumwuliza dini wala tabaka. Jambo ambalo husahaulika ni asili ya nafaka ile. Mapokeo yanasimulia kwamba yeye na mkewe Virbai walifanya kibarua cha kuvuna katika mashamba ya watu, wakalimbikiza ujira wao wa nafaka, na kwa nafaka hiyo wakaanza kupika. Jiko la Virpur linaendelea kulisha watu hadi leo, na tangu mwaka 2000 hekalu la pale halipokei tena michango. Majirani zetu nanyi mnalo la kwenu la namna hii: kazi ya pamoja ambayo wenzetu wa Kilimanjaro na Upare huiita msaragambo, ambako mtu huhesabiwa kwa jembe alilokuja nalo.

Sasa tuje kwenye njaa ya hapa petu. Msafiri apitaye barabara ya Moshi huona migomba, kahawa na mifereji, akadhani kwamba chini ya Mlima Meru hakuna anayelala na njaa. Ashuke basi upande wa tambarare, ambako mvua ni haba, aone mashamba yanavyobadilika rangi. Mahindi yanayopandwa kwa masika ya Machi huvunwa Julai au Agosti, kwa hiyo miezi inayotangulia mavuno ndiyo miezi ya ghala tupu. Sisi tuliozeeka katika biashara ya nafaka huijua njaa kabla haijatangazwa, kwa kutazama vipimo sokoni Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Aliyekuwa akinunua gunia hununua debe. Wa debe hushuka kwenye kisado. Kisha huja siku ambapo mama anaomba apimiwe kwa kopo. Njaa ya namna hiyo haina kelele, na hakuna gazeti linaloiandika.

Wenye umri wa miaka sitini na kuendelea wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga, na foleni za miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sukari na sabuni vilipokuwa habari ya mjini. Foleni ile haikumwuliza mtu asili yake. Tulisimama pamoja na majirani, tukashikiana nafasi, na baadhi ya urafiki uliomo ukumbini leo ulizaliwa pale.

Kwa miaka mingi klabu iligawa unga wakati wa Diwali. Mzee mmoja wa kijiji, ambaye yumo humu nasi na hatutamtaja asije akatudai soda, alitwambia kwa upole kwamba mfuko wa Diwali humkuta ghala yake ikiwa bado na kitu, ilhali njaa yake huja mwezi wa nne. Kalenda ya sikukuu na kalenda ya njaa hazikuandikwa na mtu mmoja. Tulimsikiliza, tukakaa na walimu na kamati ya wazazi, tukakubaliana kuhamia kwenye uji wa shule.

Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na neema yake tumeiona, maana madarasa yalijaa. Lakini chakula cha shuleni kimebaki kutegemea michango ya wazazi: mahindi, maharage, kuni na ujira wa mpishi. Mzazi akishindwa, mtoto hukaa tangu alfajiri hadi mchana na tumbo tupu, tena akiwatazama wenzake wakinywa. Sharti letu lilikuwa moja tu, kwamba kila mtoto anywe, awe mzazi wake amechanga au hakuchanga. Kamati ya wazazi ililikubali kabla hatujamaliza sentensi.

Hesabu yake ni rahisi, na kwa kuwa sisi ni watu wa duka mtatusamehe tukiisoma. Mtoto mmoja huhitaji gramu 50 za unga kwa kikombe kizito cha uji. Watoto 400 ni kilo 20 kwa siku, yaani gunia moja la kilo 100 kwa wiki. Mwaka wa masomo una siku 194, hivyo jumla ni kilo 3,880, chini kidogo ya magunia 39. Mahindi tunayanunua Agosti na Septemba, bei ikiwa chini, na wala hatununui lumbesa, kwa maana lumbesa humnyonya mkulima.

Na tunayakagua. Kuna watu wanaoamini kwamba kitu cha sadaka hakikaguliwi, na kwamba mahindi yaliyokataliwa dukani yanaweza kupelekwa shuleni. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka. Haionekani kwa macho, na moto wa sufuria hauimalizi. Kwa hiyo mahindi yetu huanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo, hupimwa unyevu usizidi asilimia 13 na nusu, kisha hupangwa juu ya mbao mbali na ukuta. Ulezi tunaouchanganya hupepetwa na akina mama wawili wa Makumira ambao hakuna punje mbovu iliyowahi kuwapita.

Tumefika sasa kwenye jambo lililotuleta mbele yenu. Mpishi yupo na analipwa. Lakini mtu mmoja hawezi kuchota maji, kuchochea moto, kukoroga sufuria mbili na kuosha vikombe 400. Anahitaji wasaidizi wawili kila asubuhi, na hao ni wa kujitolea. Akina mama wa kijiji walichukua Jumatatu na Jumatano. Sisi wa klabu na hekalu tulichukua Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Wenzetu waliokuwa wakishika Ijumaa, mmoja Mwenyezi Mungu amemchukua, na mwingine amehamia kwa wanawe ng'ambo. Tangu hapo Ijumaa haina mtu. Unga wa Ijumaa upo ghalani, umelipiwa, na siku ya Ijumaa watoto hawanywi.

Baadhi yenu mmetushauri, kwa nia njema, tuajiri vibarua wawili, na wapo waliokwisha kutoa bahasha. Fedha tunazishukuru, na zitanunua mahindi. Ila hatukubali kuajiri mtu wa Ijumaa, na sababu yetu ni hii. Akina mama wa kijiji huacha mashamba yao Jumatatu na Jumatano bila malipo. Siku watakapoona kwamba zamu ya Wahindi imelipiwa, watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini zamu yao ni ya bure, nasi hatutakuwa na jibu la kuwatazama nalo usoni. Jiko lile ni la jirani na jirani. Tukiliendesha kwa hundi litakuwa duka letu jingine.

Mwingine aliuliza kwa nini tusianze na maskini wa jumuiya yetu wenyewe. Wapo, na wanasaidiwa kimya kimya. Hilo halihitaji kipaza sauti.

Vijana, kazi hii ni ya saa mbili na nusu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mtafika dukani au ofisini mkinuka moshi, na wateja watawauliza. Hakuna sare wala cheti, na picha tumeombana tusipige wakati watoto wanakunywa. Akina baa mliokwisha kustaafu jiko la nyumbani, mnakaribishwa pia; mpishi wetu anasema anataka kujua siri ya kutotia madonge.

Familia nne zikichukua Ijumaa moja moja kwa mwezi, pengo limeziba. Mwezi wenye Ijumaa tano, ile ya tano tutaishika sisi viongozi wa klabu. Shule zinafunguliwa Januari. Karatasi ya zamu iko juu ya meza, karibu na mahali pa kuvulia viatu, na kalamu imefungwa kwa uzi, maana kalamu za hekalu hili zina tabia ya kwenda nyumbani na watu.