Kabla ya Dawa, Jina la Ugonjwa: Mada kwa Wafugaji wa Kata ya Pongwe



Masika yanapoingia Pongwe, malisho hustawi na maziwa huongezeka. Lakini unyevu huohuo hulainisha ngozi ya ng'ombe na kuzidisha kupe. Ndipo mfugaji anapoona mabaka au manyoya yaliyonyonyoka, akakimbilia duka la dawa za mifugo na kuomba dawa ya fangasi. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa kuwa magonjwa ya ngozi hufanana machoni lakini hutofautiana katika tiba.

Fangasi wa ngozi, yaani mapunye, hujulikana kwa mabaka ya mviringo, makavu na ya kijivu, hasa kuzunguka macho na shingoni mwa ndama. Mara nyingi hupona yenyewe baada ya miezi kadhaa. Hata hivyo, ndama huyo atengwe, kwani vimelea hukaa muda mrefu kwenye kamba, brashi na nguzo za banda, na humwambukiza binadamu pia. Anayemhudumia avae glavu, alainishe magamba kwa maji ya sabuni, ayaondoe na kuyachoma moto, kisha apake ayodini.

Upele huletwa na utitiri, wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye ngozi. Dalili yake kuu ni mwasho: ng'ombe hujikuna nguzoni hadi ngozi inakuwa nene na yenye mikunjo. Sindano ya ivamektini huwaua utitiri hao, lakini dawa hiyo hupita katika maziwa. Kwa hiyo ng'ombe anayekamuliwa asichomwe bila ushauri wa mtaalamu.

Ugonjwa wa tatu ndio unaowapotosha wengi. Unaitwa dermatofilosisi, na ulielezwa kwa mara ya kwanza huko Kongo mwaka 1915. Manyoya hushikamana mafungumafungu, na chini yake huwa na magaga mazito, hasa wakati wa mvua. Huonekana kama fangasi, lakini kisababishi chake ni bakteria. Mfugaji anayepaka dawa ya fangasi mwezi mzima hupoteza fedha, na ng'ombe huzidi kukonda. Tiba yake ni antibiotiki iliyoelekezwa na daktari wa mifugo, pamoja na kudhibiti kupe, kwa maana kupe huufungulia ugonjwa huu mlango.

Kupe hawaishii kwenye ngozi. Kupe wa kahawia apendaye masikio hueneza ndigana kali, ugonjwa uliopewa na Wazungu jina la pwani hii ya Afrika Mashariki, baada ya ng'ombe waliotoka huku kuupeleka kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20. Dawa ya kuogesha ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikizimuliwa kupita kiasi, kupe husalia na hatimaye huizoea. Anayetumia bomba asinyunyizie mgongo peke yake. Afikie ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kinena na kuzunguka kiwele.

Endapo ng'ombe ana homa na vinundu vigumu mwili mzima, huenda ni mapele ngozi, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na wadudu wanaouma. Taarifa itolewe siku hiyohiyo, na mnyama asihamishwe wala kuuzwa.

Kwa kaya yenye ng'ombe mmoja wa maziwa, ugonjwa wa ngozi ni suala la ada ya shule na mlo wa jioni. Maziwa yenye mabaki ya dawa hayafai kunywewa nyumbani wala kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia. Kila dawa ina siku zake za kusubiri, nazo ziheshimiwe.

Wahenga walinena: ngozi ivute ili maji. Baka likiwa moja, Ofisa Mifugo wa Kata aitwe. Yasingojwe yawe kumi.