Gari Likilia Kwenye Kona, Lisikilize

Haya ni mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa magari alipokutana na madereva, wamiliki wa magari na mafundi wa jua kali wa kaunti yetu. Tumeyachapisha ili yawafae wakazi wote.

Leo tuzungumze juu ya sauti moja tu: ile ya "ka-ka-ka-ka" inayosikika gari likikata kona, kisha hunyamaza likinyooka.

Mara nyingi sauti hiyo hutoka kwenye jointi ya CV. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Probox, Vitz na Demio nyingi tulizo nazo, nguvu hutoka kwenye giaboksi na kufika magurudumuni kupitia shafti mbili, ya kulia na ya kushoto. Kila shafti ina jointi ya ndani, karibu na giaboksi, na ya nje, karibu na gurudumu. Ya nje ndiyo inayoliwezesha gurudumu kugeuka upande huku likiendelea kuzungushwa. Ndani yake mna goroli za chuma, kwa kawaida sita, zinazotembea kwenye mifereji iliyojaa grisi. Juu yake hufunikwa na mpira uliokunjwakunjwa.

Mpira huo ndio mlinzi. Ukipasuka, grisi hurushwa nje, na vumbi, mchanga na matope huingia. Mchanga ukichanganyika na grisi huwa kama msasa. Goroli na mifereji huliwa, nafasi hutokea, na kila ukikata kona goroli hugonga. Ndiyo sauti unayoisikia.

Utajuaje kwa hakika? Kwanza, tafuta uwanja mpana usio na watu. Kata usukani karibu na mwisho, uzunguke polepole ukikanyaga mafuta kidogo. Rudia upande wa pili. Mlio ukifuata mwendo wa gurudumu na kuzidi ukikanyaga mafuta, shuku jointi ya nje. Mara nyingi mbovu ni ya upande ulio nje ya kona: ukikata kushoto ikalia, anza na ya kulia. Hata hivyo kagua zote mbili.

Pili, geuza usukani, uchungulie nyuma ya gurudumu. Ukiona mpira umepasuka, au grisi imetapakaa ndani ya rimu, umepata dalili kubwa.

Tatu, ondoa washukiwa wengine. Jiwe lililokwama kwenye tairi hulia pia, lakini hulia hata gari likinyooka. Nati za gurudumu zilizolegea ni hatari kubwa zaidi, zikaze kwanza. Sauti ya kugonga kwenye matuta huelekea kwenye boljointi au shoki. Mngurumo unaoongezeka na mwendo huelekea kwenye beringi. Gari likitetemeka ukiongeza mafuta barabara ikiwa imenyooka, angalia jointi ya ndani. Nanyi wa matatu za viti 14 zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, msiuziwe jointi ya CV ya mbele, haipo.

Sasa matengenezo. Mpira ukiwa umepasuka lakini jointi bado haijalia, una bahati. Jointi ifunguliwe, ioshwe, ikaguliwe, iwekwe grisi mpya ya jointi na mpira mpya. Ikiwa imeshaanza kulia, grisi peke yake itaibembeleza kwa muda tu. Chuma kilicholiwa hakirudi. Badilisha jointi, au shafti nzima. Kuufunga mpira uliopasuka kwa kipande cha tyubu si matengenezo.

Mafundi, nati ya habu ilegezwe gari likiwa chini, kisha jeki, na stendi imara. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Kabla ya kununua spea, hesabu meno ya shafti, na uangalie kama kuna pete ya ABS. Mpira mpya uingizwe kwenye shafti kabla ya jointi. Ukisahau, utafungua tena. Shafti ikichomolewa kwenye giaboksi, oili hupungua, pimeni mwongeze. Nati ya habu ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha ifungwe isilegee.

Mwenye gari, mwombe fundi akuonyeshe jointi ya zamani, na udai risiti ya spea.

Kwa nini nasisitiza? Jointi ikikatika, nguvu yote hupotelea upande uliokatika, na gari halisogei, hata likiwa katikati ya mlima na lori liko nyuma yako. Tena wengi hawajui hili: katika gari la otomatiki, ile "P" hufungia giaboksi, nayo huyashika magurudumu kupitia shafti hizo hizo. Shafti moja ikikatika, "P" haishiki kitu. Gari laweza kubingirika likiwa na watoto ndani. Ikikutokea, vuta breki ya mkono mara moja, weka mawe chini ya magurudumu, shusha abiria wakae mbali na barabara, na uweke vibao vya tahadhari.

Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka, lakini mpira haungojei siku ya ukaguzi kupasuka. Kila ukienda kubadilisha oili, mwambie fundi aangalie mipira minne ya jointi. Ni kazi ya dakika chache.

Dalili ya mvua ni mawingu, na gari pia hutoa dalili. Tusiongeze sauti ya redio ili tusiisikie.