Kutoka mbele ya wavu kwenda nyuma

Leo tunasema juu ya voleboli. Tunajua wako wazee wetu watakaouliza: voleboli na kanisa, wapi na wapi? Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, kule Marekani, ndani ya Jumuiya ya Vijana Wakristo, ile YMCA. William G. Morgan, aliyeutunga, alikuwa akiongoza mazoezi ya mwili pale. Alitaka mchezo usio na kugongana kama basketi, ili hata baba mwenye umri aweze kucheza baada ya kazi. Kwa hiyo vijana wanapofunga wavu nyuma ya kanisa siku ya posho, wazee wasishtuke.

Lakini hatukuja kutetea voleboli. Tulikuja kusema juu ya jambo moja linaloumiza ekipe kuliko kushindwa: ni ile siku mchezaji anapoambiwa, kuanzia leo hautacheza tena pale, utacheza hapa.

Katika ekipe ya vijana wetu iko dada mmoja. Jina lake tunaliacha. Kwa miaka mingi alikuwa mpigaji wetu wa upande wa kushoto. Mpira ukiinuliwa kwake, watoto walio kando ya kiwanja walisimama mbele yeye hajaruka. Kisha wakaja dada wawili warefu. Wavu wa wanawake una metro 2 na sentimetro 24, na hao wawili wanaufikia bila taabu. Kocha akamwita dada yetu, akamwambia: wewe una macho mazuri na miguu myepesi, tunakuomba uwe libero.

Kwa wasioujua mchezo, tueleze kidogo. Ndani ya kiwanja wanasimama watu sita, nao wanazunguka kama mshale wa saa, hata mrefu wa mbele inafika zamu yake ya kukaa nyuma. Mara nyingi huyo mrefu si hodari wa kuokota mipira ya chini. Ndiyo sababu mwaka 1998 shirikisho la dunia liliingiza libero katika sheria: mtu wa nyuma peke yake, anayeingia na kutoka bila kuhesabiwa kama wale wanaobadilishwa kwa kawaida. Haruhusiwi kuzuia kwenye wavu, wala kupiga mpira ulio juu ya wavu, wala kuanzisha mpira. Tena anavaa mayo ya rangi ingine, ili mwamuzi amwone upesi.

Ile mayo ndiyo iliyoleta shida. Siku mbili za posho dada hakuonekana. Tulipofika kwao, mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akasema: "Wapendwa, binti yangu amekosa nini? Mmemtoa mbele, mmemweka nyuma, na sasa mnamvalisha nguo ya peke yake kama mtu wa azabu." Tulimweleza juu ya mwamuzi. Tulimweleza pia kwamba katika Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, Brazil walipopata medali ya zahabu kwa wanaume, aliyechaguliwa mchezaji bora alikuwa libero wao, Sérgio Santos, akiwa na miaka 40. Mama akatusikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Huyo ni wa Brazil. Mimi nauliza juu ya wangu."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi sote tumesikia mahubiri juu ya barua ya Paulo kwa Wakorinto, pale anaposema juu ya viungo vya mwili mmoja, na tunaitika amina kwa nguvu. Lakini ni rahisi kuitika wakati wewe ndiwe jicho. Dada huyu aliambiwa awe mguu, mbele ya watu waliomzoea kama jicho. Hatukumwambia kwamba ni kitu kidogo. Tulimwomba ajaribu mpaka mwisho wa mashindano ya mitaa, kisha aamue mwenyewe. Akakubali, uso ukiwa mzito.

Sasa, wapendwa, kazi yenyewe. Watu wanafikiri mahali papya panafundishwa mikono. Mikono yake ilikuwa tayari inajua. Miguu ndiyo iliyokataa. Mpigaji akipokea mpira, mguu mmoja unakwisha kuanza safari ya kwenda wavuni, kwa kuwa anajua atapigishwa. Dada alipokea huku anaondoka, na mpira ukaruka kando. Ilimchukua majuma mengi kusimama, kupokea, na kubaki. Macho nayo yalikuwa na shida yao: zamani yalimfuata paseri wetu tu, sasa yanapaswa kutazama bega na mkono wa mpigaji wa upande mwingine, mbele mpira haujaguswa.

Halafu kuanguka. Kwenye televisheni tunaona malibero wakiteleza kwa kifua juu ya sakafu laini. Kiwanja chetu ni udongo na changarawe. Ukiteleza hivyo utarudi nyumbani bila ngozi ya viwiko. Kwa hiyo kocha alimfundisha kushuka chini mapema, magoti yamekunjwa, na kupiga hatua fupi nyingi, ili aufikie mpira bila kujitupa. Tunaona hiyo ni mafundisho bora kuliko ya televisheni, hata kama hayapendezi macho.

Sauti ilikuwa mlima mwingine. Libero anaona kiwanja chote, basi lazima apaze sauti: wangu! uache! nyuma! Dada ni mpole. Hata katika maombi ya usiku hasikiki. Kocha alimweka aite mipira kwa saa nzima bila kuigusa.

Mpaka leo anasahau sheria moja: libero akiinua mpira kwa vidole akiwa mbele ya mstari wa metro tatu, mwenzake haruhusiwi kuupiga juu ya wavu. Filimbi inalia, yeye anashika kichwa.

Kuna kitu tulianza kwa sababu ya swali la mama yule. Pointi za libero hakuna anayezihesabu, kwa kuwa hafungi. Basi kijana mmoja anakaa kando na daftari, anaandika: mipira iliyomfikia paseri mahali alipo, mipira iliyomkimbiza paseri, mipira iliyopotea. Siku ya posho iliyopita kulikuwa 19 ya aina ya kwanza. Mazoezi yakiisha, dada anakuja kwanza kwenye daftari, ndipo anakwenda kunywa maji.