Fundi wa Kompyuta Atapataje Wateja?

Hotuba iliyotolewa na fundi wa kompyuta mbele ya vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja. Kijana ambaye amejifunza kutengeneza kompyuta na ameamua kujiajiri, atapataje wateja naye hana pesa za matangazo? Nimesikia kwamba vikundi viwili kati yenu viliwakopesha vijana wao pesa za kununua vifaa, na kwamba vijana hao wamefungua vibanda, wamekaa ndani, wanangoja. Basi sitazungumza na vijana peke yao, maana pesa zilizo ndani ya vibanda hivyo ni zenu.

Mimi nilianza hivyo hivyo pale Kiminini, kando ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye. Nilikuwa na bisibisi, mita ya kupimia umeme, brashi ya kutolea vumbi, na shilingi 4,000 zilizobaki baada ya kulipa kodi ya kibanda. Nikachukua shilingi 2,500 nikachapisha karatasi za matangazo, nikamgawia kila mtu aliyepita siku ya soko. Jioni nilipokwenda kununua njugu, yule mama akanifungia njugu kwa karatasi yangu mwenyewe! Katika karatasi zile zote nilipata mteja mmoja tu, mzee aliyeleta redio. Nikaitengeneza, ningefanyaje?

Kosa lilikuwa wapi? Nilitangaza mahali penye watu wengi, lakini wengi wao hawakuwa na kompyuta. Mwenye kuuza dawa ya ng'ombe huenda kwa wenye ng'ombe, sivyo? Basi nikanunua daftari, nikatembea siku tatu. Nikaenda shule za sekondari, zahanati, saiba, wenye kupiga fotokopi, studio ya picha, duka la dawa za mifugo, ofisi za makanisa, na nyumba za walimu niliowajua. Sikuomba kazi. Niliuliza tu: "Mna kompyuta ngapi hapa, na ngapi zimelala?" Nilipomaliza, daftari lilikuwa na mashine 41, na 9 kati yake zilikuwa zimelala, nyingine chini ya meza zikiwa zimefunikwa gunia. Hizo tisa ndizo zilizokuwa soko langu. Zile siku tatu zilinigharimu daftari na chai.

Vijana, hili mnaweza kulianza kesho asubuhi.

Sasa, nilipowaambia wenye mashine hizo kwamba mimi ni fundi, mnafikiri walinipa? Wapi! Mwalimu mmoja aliniambia waziwazi, "Mwanangu, afadhali niipeleke Kitale kwa matatu." Nikamwuliza sababu. Akasema kwamba fundi mmoja aliwahi kumtolea memori kubwa akamwekea ndogo. Mama wa studio aliogopa kwamba nitafungua picha za watu. Wengine waliogopa kwamba nitahama usiku na mashine zao, kwa kuwa kibanda ni cha kukodisha na mimi si mzaliwa wa pale. Nikaelewa kwamba watu walikuwa wamekwisha kuniona, ila waliniogopa, na karatasi ya matangazo haiwezi kumwondolea mtu hofu.

Kwa hivyo pesa za kwanza za matangazo nilizotumia vizuri zilikuwa za kitabu cha risiti, kile cha kuweka karatasi ya kaboni. Mteja akileta mashine, tunaifungua pamoja. Naandika aina yake, namba iliyo chini yake, ukubwa wa memori na wa diski, na hata mikwaruzo iliyo juu. Anatia sahihi, natia sahihi, anakwenda na nakala yake. Kifaa nikikibadilisha, kile cha zamani namrudishia ndani ya bahasha hata kama kimeungua. Na mambo yaliyomo ndani ya mashine ya mtu siyafungui bila ruhusa yake. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, barua za mtu ni barua zake.

Mwalimu yule alipoondoka na nakala yake, aliionyesha katika chumba cha walimu. Wiki ile ile nikapata mashine tatu kutoka shule moja.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilikuwa mwerevu tangu mwanzo. Kuna jambo linaloniuma mpaka leo, na nimekubali kulisema kwa sababu hapa pana vikundi.

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama aliniletea laptopu iliyokuwa nzito sana, ukibonyeza unangoja. Nikaona ni kazi rahisi. Nikafuta kila kitu na kuweka programu upya. Ikawa nyepesi kama mpya, nami nikajisifu. Alipoifungua nyumbani, hesabu za mikopo ya kikundi kwa miaka sita hazikuwamo. Sikuwa nimemwuliza kama ana nakala, naye hakujua kwamba kuna haja ya kuniambia. Nilijaribu kuzirudisha kwa programu za kutafuta faili zilizofutwa, nikapata vipande vipande tu, kwa sababu nilikuwa nimeandika juu yake.

Mnajua maana yake katika kikundi. Mama mmoja alisema amemaliza mkopo wake, na mwenzake akasema hapana. Watu waliokaa pamoja miaka mingi wakaanza kutazamana vibaya, na sababu ni mimi. Nilikwenda mbele ya mkutano wao nikasema kosa ni langu. Kisha kwa wiki tatu, kila jioni, nilikaa na katibu tukijaza hesabu upya kutoka kwa madaftari ya wanachama na jumbe za M-Pesa zilizokuwa bado kwenye simu. Sikuchukua hata senti. Sehemu kubwa ilirudi, lakini deni la yule mama halikujulikana kamwe. Kikundi kiliamua kumwamini. Kwa miezi minne hakuna mtu wa upande ule aliyeniletea kazi.

Tangu siku ile risiti yangu ina mstari mmoja zaidi: "Kazi zilizomo ndani zinakiliwe, ndiyo au la?" Nilinunua diski ya nje kwa ajili hiyo kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Nakala nikishaihamisha na mteja akahakikisha, naifuta mbele yake. Na siku hizi wateja wengi wanaokuja wanasema, "Nimesikia wewe huuliza kwanza." Sikulipia tangazo hilo, lakini nililinunua kwa bei ghali kuliko yote.

Juu ya bei nitasema kidogo. Vijana wengi huandika "bei rahisi" kwenye mlango. Msifanye hivyo. Mteja akiona rahisi hukumbuka yule aliyemwibia memori. Mwambie bei kabla ya kuanza, na ukishindwa kutengeneza usimtoze kazi. Kifaa kikihitajika, mwonyeshe bei yake. Basi.

Mwenye saiba naye si adui yako. Mimi nilipatana na mmoja hivi: kila mwezi natoa vumbi katika mashine zake bila malipo, naye mtu akimwuliza fundi, ananitaja mimi. Mashine zake hazifi ovyo, hasa mwezi wa Juni watu wanapojazana kuwasilisha ripoti za kodi kabla ya tarehe 30. Hakuna pesa inayopita kati yetu, kwa hivyo hakuna ugomvi.

Angalieni pia majira. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, ndipo mwalimu mkuu anaweza kuachilia mashine zote mara moja, kwa hivyo barua yako imfikie wiki mbili kabla. Huku kwetu mvua na radi zikianza, stima hupotea na kurudi kwa kishindo, na asubuhi yake utaona watu na mashine zilizoungua. Ukiwa umewafundisha mapema kuchomoa waya, watakushukuru, na bado kazi haitaisha. Na baada ya kuuza mahindi, ndipo mtu hukumbuka ile laptopu ya mtoto iliyovunjika skrini.

Kuna jambo jingine la wakati huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za mitumba tulizo nazo zinatumia hiyo. Mwandikie mwalimu mkuu au katibu wa sako barua fupi kwa mkono. Mweleze ukweli kwamba mashine haitakufa, lakini bila masasisho ya usalama ni kama mlango usiofungwa. Pima kila moja kama inaweza kupokea Windows 11. Nyingi za zamani hazitaweza, na hizo unaweza kuziwekea Linux, ambayo hailipiwi. Usimtishe mtu ili anunue mashine mpya kwako. Akigundua, atawaambia wote.

Bango ni lazima, lakini liwe dogo, na uulize ofisi ya kaunti kwanza juu ya leseni na ada ya bango. Usiandike majina makubwa ya Kiingereza. Langu linasema: "Laptopu haiwaki? Imemwagikiwa chai? Chaja imekatika? Ingia." Watu husimama na kucheka, kisha huingia. WhatsApp ya biashara nayo hailipiwi. Weka saa za kazi na mahali ulipo, na usibadilishe namba yako ya simu. Namba ikibadilika, umezika wateja wako wote.

Mwisho nageukia ninyi wenye vikundi. Mkopo wa kijana huyu usianze kulipwa mwezi wa kwanza. Mpeni msimu mmoja wa shule. Na mkimpelekea kompyuta ya kikundi, mlipeni. Kuna watu husema, "Huyu si mtoto wetu? Atutengenezee tu." Mkifanya hivyo, atakuwa na kazi tele na njaa tele, na mkopo wenu hautarudi.

Kitabu changu cha risiti kiko hapa mezani. Majina ya wateja nimeyafunika kwa karatasi. Kipitisheni mkono kwa mkono muone jinsi nilivyoandika, na anayetaka kunakili ule mstari wa mwisho anakili.