Kiapo, Shahidi na Mkalimani



Tumeombwa tuseme machache juu ya ushahidi wa uongo. Jambo hili latuhusu sisi makarani na wakalimani kuliko wengi wadhanivyo.

Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, ambayo ingali msingi wa sheria ya Tanzania hata leo, haisemi kwamba kila neno lisilo kweli ni kosa. Yataka shahidi awe alijua kwamba asema uongo, na uongo huo uwe juu ya jambo zito katika shauri. Aliyekosea tarehe kwa kusahau hana hatia hiyo. Kifungo chake chaweza kufika miaka 7, wala mtu hatiwi hatiani kwa neno la shahidi mmoja peke yake.

Katazo hilo ni la kale katika sheria ya Kiingereza: kiapo cha mmoja kikikabili kiapo cha mwenziwe, mizani husimama sawa. Wamarekani nao waliirithi sheria hiyo. Lakini mwaka 1840 mahakama yao ya juu kabisa ililetewa shauri la mfanyabiashara Wood, aliyeshitakiwa kuapa uongo forodhani New York juu ya bei ya nguo za sufu. Ushahidi ulikuwa barua zake mwenyewe na daftari la ankara. Mahakama ikaamua kwamba maandishi ya namna hiyo yaweza kutosha, hata pasipo shahidi wa kusimama na kunena. Basi karatasi nayo yaweza kumhukumu mtu.

Tuje sasa kwetu Sumbawanga. Mzee wa Ufipa ajua Kifipa tu. Mkalimani amgeuzia kwa Kiswahili, na maneno yaandikwa. Mzee akisema "nilisikia", kisha ikaandikwa "niliona", siku atakaporudia neno lake la kweli ataonekana mwongo kwa ushahidi wa karatasi ambayo hawezi kuisoma. Nayo Kanuni yamtaja mkalimani waziwazi: aliyeapishwa, akageuza jambo zito kwa makusudi hali ajua si kweli, hatia yake ni ile ile ya shahidi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, neno lisiloeleweka na liulizwe tena, tena mbele ya hakimu. Tusione haya kuuliza. Uhuru wa mtu waweza kuwa katika neno hilo moja.