Chanjo ya Malaria: Usisahau Sindano ya Nne

Leo tunazungumzia chanjo ya malaria.

Wazazi wengine huuliza, "Je, watoto wetu ndio wanaojaribiwa?" Ni swali la haki. Utafiti mkubwa wa chanjo iitwayo RTS,S ulifanywa kati ya 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika, kwa watoto wapatao 15,000. Hapa Kenya ulifanyika Kilifi, Siaya na Kombewa, kwa idhini ya wazazi. Septemba 2019 chanjo ikaanza kutolewa katika sehemu za kaunti za eneo la ziwa, Bungoma ikiwemo, huku usalama wake ukiendelea kufuatiliwa. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika.

Inasaidia kiasi gani? Katika utafiti huo, watoto wa umri wa kuanza kliniki hii waliopata sindano zote 4 walikingwa hivi: karibu visa 4 vya malaria katika kila 10 vilizuiwa kwa miaka minne. Hivyo basi, visa 6 bado vinaweza kutokea. Ndiyo sababu mtoto aliyechanjwa bado alale ndani ya neti iliyotiwa dawa, kila usiku.

Sasa sikiliza vizuri. Kinga ya sindano 3 za kwanza hupungua polepole. Ya nne huiongezea nguvu. Kenya ilipoanza, ilipanga miezi 6, 7, 9 na 24. Hiyo ya mwisho huja wakati mtoto anakimbia uani na mama ameshaacha kwenda kliniki. Hapo ndipo wengi husahau. Tarehe ya mwanao ni ile aliyoandikiwa na mwuguzi. Ikiwa imepita, usione haya, nenda uulize.

Baada ya sindano mtoto anaweza kupata joto au uvimbe kidogo. Akipata degedege, mkimbize hospitali mara moja.

Nawe mama wa Kitale, baridi isikudanganye. Uliza kliniki kama chanjo hii inatolewa kwenu. Mtoto akipata joto baada ya kumtembelea nyanya yake Bungoma, mweleze daktari alikokuwa, apimwe damu upesi.

Leo jioni, fungua kitabu cha kliniki. Hesabu sindano za malaria. Je, ni nne?